Mazungumzo ya Siku ya Pili

Kwa miaka sita kazi ya Svatava Krejzová ilikuwa kukaa kwenye kiti na kushika mkono wa mtu. Blažena wa jikoni hakuchoka kumtania kwa hilo.

"Sisi tunamenya viazi mpaka vidole vinakufa ganzi," alimwambia kila alipokwenda kuchukua kahawa ya shayiri, "na wewe mwenzetu unakula mshahara wa kushikana mikono na waume za watu."

"Njoo tubadilishane siku moja," Svatava alimjibu. "Uone kama mikono yenyewe ina utamu."

Blažena hakwenda. Alikwisha kuwasikia wagonjwa wa ghorofa ya juu mara mbili tatu, alipopeleka supu, na mara ya mwisho aliacha sinia kwenye ngazi akashuka mbio. Kuna mwanamume wa makamo aliyekuwa akimwita mama yake kwa sauti ya kitoto. Blažena alisema afadhali viazi.

Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani ya tajiri wa sukari, mashamba ya viazisukari yakiizunguka pande zote, na harufu ya kiwanda ikiingia mpaka kwenye mito ya vitanda kila Novemba. Ghorofa ya chini walilazwa wagonjwa wa neva wa kawaida. Juu kulikuwa na vitanda vinane tu, vya wale walioshindikana kwingine kote, na hao walikuwa wa Daktari Hynek Vosátka. Aliwatibu kwa LSD, dawa ya kuleta maono. Siku hizi ukitaja jina hilo watu wanageuza shingo kuangalia nani anasikia, lakini wakati ule ilitengenezwa na kiwanda cha nchini, ikaletwa kwenye sanduku lenye mhuri pamoja na bandeji na iodini, na serikali ndiyo iliyolipa. Mgonjwa aliinywa asubuhi kwenye maji, akalala kwenye kochi, pazia likavutwa nusu, na kwa saa sita au saba akapita ndani ya yale aliyoyafungia moyoni. Mtu mmoja alikaa naye muda wote huo. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Svatava.

Ila Vosátka hakupenda kusikia mtu akiisifia dawa. Alikuwa mrefu, mwenye mba mabegani, na alikuwa na ugonjwa wa kusema mno. "Dawa inapasua jipu, basi," alisema. "Siku ya pili ndiyo tunasafisha. Ukipasua ukamwacha mtu hivyo hivyo, ni heri ungemwacha na jipu lake." Kwa hiyo jioni mgonjwa aliandika kwenye karatasi yote aliyoyaona, bila kuremba, na kesho yake saa mbili asubuhi aliingia kwa daktari akayasoma. Kisha walizungumza. Wengine walizungumza saa moja, wengine mpaka jua la mchana. Wagonjwa wa juu walijua hivyo, wahudumu walijua hivyo: siku ya kwanza ni ya dawa, siku ya pili ni ya maneno.

Na kulikuwa na sharti moja ambalo hakuna aliyelikwepa. Hukuruhusiwa kukaa na mgonjwa kabla hujainywa mwenyewe na kufanyiwa yote mawili. Svatava alikubali shingo upande, mwaka wa sitini na nne, akiwa na miaka thelathini na minane. Aliamini hana cha kuona. Baba yake alikuwa mpika sukari, mama yake mfua nguo, yeye nesi, mume wake Bořek fundi wa matrekta. Angeona nini? Alimkuta mtoto wake wa kwanza. Majira ya baridi ya arobaini na tisa alitoka zamu ya usiku, akamchukua yule binti wa wiki tisa kitandani kumnyonyesha, akasinzia. Alipoamka saa sita mchana mtoto alikuwa baridi. Daktari wa wilaya, kwa huruma, aliandika nimonia. Tangu siku ile yeye na Bořek hawakulitaja jina la mtoto, wala kwa bahati mbaya.

Kwa muda wa saa sita alilala na mtoto huyo kwenye lile kochi. Kesho yake alikwenda kwa Vosátka akiwa na karatasi moja tu, maandishi mistari minne. Daktari hakumwambia kwamba hakuwa na kosa. Alivua miwani akamuuliza, "Alikuwa anafananaje?" Svatava aliongea mpaka supu ikapoa jikoni na Blažena akatuma mtu kuuliza kulikoni. Jioni ile, mezani, alilitamka jina la mtoto mbele ya mume wake. Bořek aliweka kijiko chini, akatoka kwenda kibandani kwake kwenye vyuma, akarudi baada ya saa nzima macho mekundu, na kuanzia hapo wakaanza tena kuongea kama mtu na mke wake. Kwa hiyo Svatava hakuhitaji kuelezwa maana ya siku ya pili. Aliijua kuliko alivyojua sala.

Oktoba ya mwaka wa sitini na tisa wafanyakazi wawili wa reli walimleta mwenzao wamembeba. Oldřich Pokluda, miaka arobaini na mitatu, mtunza swichi za reli, zile za kugeuzia treni njia, katika stesheni ndogo ambayo treni za mwendo kasi haziitazami mara mbili. Miguu ilikuwa imekataa. Alianza kwa kuchechemea, akaja kutumia fimbo, halafu asubuhi moja akakwama katikati ya njia baina ya nyumba yake na kibanda cha swichi, akaketi chini, hakuinuka. Alipitia hospitali tano. Walimchoma sindano za nyayo, wakampiga picha za mgongo, wakamwambia miguu yake ni mizima kuliko ya mwanajeshi.

"Kwa hiyo miguu ni mizima, mgonjwa ni mimi," alimwambia Svatava siku ya kwanza. "Sista, hatuwezi kuikata tukaipeleka kazini yenyewe? Mimi nibaki hapa nakula."

"Ikifika huko itasaini vipi kitabu cha zamu, Bwana Pokluda?"

"Msimamizi wetu anasaini kwa mguu siku zote. Hatagundua."

Ndivyo alivyokuwa. Wodi nzima ilimpenda. Alikuwa na mizaha ya kutosha treni nzima, na kila ulipomkaribia zaidi mizaha iliongezeka. Mara kumi na moja alipewa dawa, kutoka Oktoba mpaka Machi, na mara kumi na moja Svatava alikaa naye. Aliona barabara yenye vumbi. Aliona miguu. "Miguu mitupu, sista, inapita. Hakuna vichwa." Halafu jasho lilimtoka, akakaza meno, na dawa ilipoanza kuisha akaanza kusimulia habari za msimamizi wake. Siku ya pili kwa Vosátka alisoma mistari mitano na kuuliza kama mchana kuna maandazi ya mvuke.

"Anazunguka nyumba," Vosátka alisema. "Anapiga hodi kila dirisha, mlangoni hafiki."

Wakati huo nchi nayo ilikuwa kwenye matibabu yake. Majeshi ya kindugu, ndivyo tulivyotakiwa kuyaita majeshi ya kigeni na vifaru vyao, yalikwisha kuingia mwaka mmoja na nusu nyuma, na baridi ile ya sabini ikaletwa meza yenye kitambaa cha kijani katika kila kazi, watu watatu nyuma yake, swali moja: unakubaliana na msaada uliokuja? Svatava aliingia, akasema nakubali, akatoka. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Binti yake Zdislava alikuwa ameomba nafasi chuo cha udaktari wa mifugo, na kila mzazi nchini alijua namna barua za maombi zinavyosafiri pamoja na majibu ya wazazi. Alijiona mchafu, akaenda akala chakula cha mchana, na chakula kilishuka vizuri, jambo lililomuudhi zaidi. Vosátka aliingia akasema hapana, kisha akawaeleza kwa nini, nusu saa nzima. Wale watatu hawakumkatiza. Hawakuwa na haja.

Kila mtu alijua ataondolewa. Hakuna aliyejua lini. Sanduku jipya la dawa lililotakiwa kufika Machi halikufika, na zikabaki chupa mbili za kioo kwenye kabati.

"Jumanne tunampa Pokluda zote mbili," Vosátka alisema. "Amefika mlangoni. Nimemwona Ijumaa, hakutania hata mara moja."

"Na Jumatano, daktari?" Svatava aliuliza.

"Jumatano nipo."

"Unajuaje?"

"Wakinitupa nje nitakaa naye kwenye benchi la kituo cha basi. Maneno hayahitaji ofisi, sista."

Hapo ndipo walipokosea, wote wawili, na walikosea kwa wema. Watu wa miaka ile walikuwa wamezoea kufanya mambo haraka kabla hayajakatazwa: kununua vitabu, kuoana, kuvuka mpaka. Walidhani na hili ni la aina hiyo. Svatava alijua si sawa kumpasua mtu kama kesho huna hakika nayo. Alisema "haya," akaenda kuandaa kochi.

Jumanne ile ya Aprili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Pokluda alikunywa saa mbili kamili. Saa nne alianza kutetemeka, saa tano akamkamata Svatava mkono kwa nguvu mpaka pete ikaacha alama, na akaanza kusema. Hakulia wala kupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya ajali kwa mkubwa wake.

Ilikuwa mwezi Juni wa arobaini na tano, huko kaskazini kwenye mji wa mpakani ambako baba yake alifanya kazi ya reli. Vita vimekwisha, Wajerumani wa mji wanatolewa majumbani na kupelekwa mpakani kwa miguu. Yeye ana miaka kumi na tisa, amepewa kitambaa cha ulinzi cha kufunga mkononi na bunduki. Katika msafara yumo Bi Hermine Tietze, mjane wa duka la vifungo na nyuzi. Bi Tietze ndiye aliyemshonea koti la shule, bure, mwaka mama yake alipolazwa. Kilima cha tatu yule mama akaketi kando ya barabara, juu ya mzigo wake, akamtazama.

"Akasema, 'Oldíku, siwezi tena.' Kwa Kicheki, sista. Akaniita jina la nyumbani, mbele ya wenzangu. Wakacheka. Wakasema, Oldíku, mama yako Mjerumani anakuita, nenda ukanyonye." Mvua ilisikika kwenye mabati ya dirisha. "Nilimpiga kwa kitako cha bunduki. Mara mbili. Ya pili haikuwa na haja. Halafu nikatembea kilomita kumi na nne mpaka mpakani, na kumi na nne kurudi. Miguu haikuniuma hata kidogo."

Svatava aliishika kanuni: siku ya kwanza hatuulizi. Alikaa tu. Alitamani kuutoa mkono wake, akajilazimisha usitoke. Baadaye Pokluda alilia, kilio kibaya, cha mtu asiyejua namna ya kulia, na saa kumi jioni akateremsha miguu sakafuni akasimama. Alisimama tu, kama mtu aliyesahau kitu. Akaenda mpaka dirishani akimshikilia Svatava bega, akarudi.

"Kesho nitamwambia daktari," alisema. "Nataka aniulize. Miaka ishirini na tano sista, hakuna mtu aliyeniuliza. Hata polisi."

"Kesho, Bwana Pokluda."

"Saa mbili?"

"Saa mbili."

Jumatano saa moja kasoro Svatava alipopanda ngazi alikuta kibao cha jina kimeng'olewa mlangoni pa Vosátka. Yalibaki matundu manne ya skrubu. Blažena alikuwa ameona yote kutoka dirisha la jikoni: gari jeusi, watu wawili wapole, daktari akitoka na mkoba na chungu chake cha ua, hakuruhusiwa kupita tena ndani. Wamempeleka zahanati fulani ya mkoani Moravia, alisema, kuangalia makoo ya wanafunzi. Kwenye benchi la kituo cha basi hakukaa na mtu.

Na Pokluda alikuwa kwenye benchi la korido. Alikuwa amevaa shati jeupe na kujinyoa mwenyewe, akajikata kidogo chini ya sikio. Alikuja mpaka pale kwa fimbo, kwa miguu yake. Mapajani alishika karatasi nne zilizojaa mbele na nyuma.

"Daktari amechelewa," Svatava alimwambia alipopita mara ya kwanza.

"Hata treni huchelewa. Nangoja."

Mara ya pili alimwambia bado kidogo. Mara ya tatu akapanda kwa ngazi za nyuma, za makaa, ili asipite pale. Tusimfiche: alikuwa na miaka arobaini na minne, amezika mtoto, ameshika mikono ya watu waliokuwa jehanamu, akajificha kwenye ngazi za makaa.

Saa nne aliitwa na mkurugenzi mpya, Daktari Čestmír Hlaváč. Alikuwa mtu mchovu, mwenye adabu, aliyemvutia kiti.

"Ndugu Krejzová. Nasikia binti yako anataka udaktari wa mifugo."

"Ndiyo, ndugu mkurugenzi."

"Chaguo zuri. Ng'ombe hawasimulii." Akatabasamu mwenyewe kwa mzaha wake. "Jana kulikuwa na kikao. Mgonjwa alisema nini?"

Svatava alitazama meza. "Alilia tu."

"Wakilia tu ni vizuri." Aliandika kitu. Akaeleza kwamba mtindo ule umefutwa. Wagonjwa watapata sindano za kutuliza kama kila mahali, na wahudumu hawataongea nao habari za zile hali. Wakiuliza, waambiwe ukweli wa kisayansi, kwamba waliyoyaona ni picha za sumu, hazikutokea, zitapita. "Huoni ni huruma?" aliuliza, na inaonekana aliuliza kwa dhati. "Mtu ajidhanie mkosaji kwa sababu ya tone la maji?"

Alipotoka mlango nyuma yake ulibaki nusu wazi. Pokluda alikuwa pale pale.

"Haji, eh?" alisema.

"Amehamishwa."

Pokluda alitikisa kichwa taratibu. Kisha akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi kando yake kwa kiganja. "Basi wewe. Wewe ulikuwepo. Kaa, sista, niulize."

Alijua hasa cha kuuliza. Swali lilikuwa tayari mdomoni mwake, maneno mawili, lile lile aliloulizwa yeye. Lingetosha, mengine yangekuja yenyewe. Alisikia kiti cha Hlaváč kikilia ndani. Akamfikiria Zdislava na vitabu vyake vya mifupa ya farasi.

"Nipe hizo karatasi nikuwekee," alisema. "Zisipotee."

Pokluda alimtazama, akampa. Svatava alishuka nazo mpaka chumba cha tanuri akazitia motoni bila kuzisoma. Alijiambia anamlinda, kwamba karatasi kama ile mikononi mwa watu kama wale ingemfunga. Ulikuwa uongo na aliujua. Sheria ya baada ya vita ilikwisha kusema kwamba mambo ya siku zile dhidi ya Wajerumani si makosa. Hakuna hakimu ambaye angemwita. Ndiyo maana mtu yule alihitaji kuulizwa na mwanadamu yeyote, hata nesi. Svatava hakumlinda Pokluda. Alijilinda yeye na binti yake, na wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, na hilo halimsaidii Pokluda kitu.

Mchana ule alidungwa sindano ya kwanza. Siku ya tatu miguu ilikataa tena. Mwisho wa mwezi wenzake wa reli walikuja kumchukua wamembeba, na kopo la vidonge mfukoni mwake. Hakutania mtu alipoondoka.

Svatava alifanya kazi pale miaka kumi na minne mingine, ghorofa ya chini, akigawa vidonge kwenye vikombe vidogo. Alipata cheti cha mfanyakazi bora mara mbili. Hakuna aliyemsikia akimuuliza mgonjwa zaidi ya kama amepata choo. Blažena alimwambia siku moja kwamba amekuwa mtu mkavu, na Svatava akasema ni umri. Lakini kwanza kulikuwa na ile Jumapili ya Julai.

Barua ilitoka kwa mke wa Pokluda, Miluše, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara nyingi: *Sista, anakutaja wewe tu. Njoo hata kwa saa moja, nakuomba kama mama kwa mama.* Ilifika wiki ile ile iliyofika barua ya chuo. Zdislava amepata. Walikunywa mvinyo, Bořek aliimba. Usiku Svatava hakulala, akiwaza kwamba sasa hana tena kisingizio. Nafasi imetoka, imepigwa mhuri. Jumapili alipanda basi, na njia nzima akawa analirudia swali lile kimoyomoyo, ili lisimkwame kooni. Miezi mitatu imepita, lakini kidonda kinaweza kusafishwa hata kikichelewa. Alishuka akiwa amepiga moyo konde. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alijisikia nesi.

Miluše Pokludová alimngoja getini, aproni imejaa unga. Alikuwa mnene, mwekundu, mwepesi wa kulia. Hakumpeleka ndani moja kwa moja. Alimvuta kando kwenye vichaka vya zabibu chungu.

"Sista, nisikilize kwanza. Ameniambia. Mambo ya yule mama, ya barabarani." Alishika mikono yake miwili. "Daktari mpya alituambia ni ile dawa. Kwamba inamfanya mtu ajione muuaji. Mimi nimeamini, maana namjua mume wangu, kuku hachinji, nachinja mimi. Lakini yeye haamini. Anasema sista ndiye anajua, sista alikuwepo. Mwambie, mpenzi. Neno lako moja tu. Binti yetu anajifungua Septemba, namtaka babu awe mtu, si gogo."

"Bi Pokludová, mimi nimekuja nizungumze naye..."

"Mwambie ni dawa. Anakuamini wewe kuliko padri." Na hapo akaanza kulia, machozi yakichora njia kwenye unga wa mashavuni. "Miaka ishirini na miwili nimelala naye kitanda kimoja, sista. Kama si dawa, mimi nimelala na nani?"

Svatava aliitoa mikono yake taratibu, akaelekea mlangoni.

Pokluda alikuwa jikoni, kwenye kiti kilichowekewa mto, blanketi miguuni ingawa joto lilikuwa kali. Vidonge vilimnenepesha. Alikuwa amenyolewa na mkono wa mtu mwingine, vizuri mno. Alipomwona Svatava kitu kiliamka usoni mwake, polepole, kutoka mbali.

"Sista. Umekuja."

"Nimekuja, Bwana Pokluda."

Miluše alileta supu ya kuku na tambi, akaleta vitumbua vya mbegu za popi, hakuna aliyegusa. Alisimama nyuma ya kiti cha mume wake, mikono imeshikana kifuani, macho yamemganda Svatava. Saa ya ukutani ilipiga. Svatava alifungua mdomo aulize, na swali lilikuwepo, lote, lakini kila alipomtazama Pokluda alimwona na Miluše aliyesimama juu ya kichwa chake.

Pokluda akamtangulia. Alisema polepole, ulimi mzito kwa vidonge. "Sista, sema kweli. Siku ile. Nilisema mimi, au ilisema dawa?"

Miluše alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, midomo ikimsihi bila sauti.

"Ilikuwa dawa tu, Bwana Pokluda," Svatava alisema. "Hayakutokea."

Miluše alitoa sauti kama ya kikohozi, akazunguka meza akambusu Svatava mikono yote miwili, akambusu mume wake utosini, akasema unaona, unaona, nilikwambia mimi. Akavuta aproni akajifuta, akacheka, akaanza kugawa supu ambayo imekwisha kupoa.

Pokluda hakumtazama. Alikuwa akiangalia karibu na mlango, usawa wa mtu aliyeketi sakafuni, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kwa subira, kama mtu aliyezoea kuangalia hapo.

"Kama ni dawa tu," alisema, "basi mwambie ainuke, arudi kwao."

Miluše alisimama na kijiko cha supu mkononi. Alimtazama mume wake, akamtazama mgeni.

"Nani ainuke?" aliuliza. "Sista, anasema nani?"

"Sijui," Svatava alisema.